Enanga ya Ta Kaijage na Mlango wa Mulokozi

Sogeeni karibu. Mwenye buni za kahawa atafune, asiye na buni atafune mate, lakini kila mtu aje na masikio yake mawili. Hadithi hii nikishaimaliza haitakuwa yangu tena. Itakuwa kesi, na mahakimu ni nyinyi. Nimeisimulia mara nyingi na sijawahi kuondoka bila kuwaacha watu wakibishana. Nyumbani kwangu mimi na mume wangu tumekubaliana tusiitaje wakati wa kula.

Katika kijiji cha Kashambya, magharibi ya Ziwa, kwenye migomba na mibuni, waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza, Rwehumbiza, alipewa kinywa. Mwimbie wimbo wa mistari mia tatu asubuhi, mchana anakurudishia mistari mia tatu, na kama ulikohoa katikati, kikohozi chako nacho utakikuta mahali pake. Alipenda kusikilizwa, hilo hakulificha, na kwa sauti ile nani angemlaumu?

Wa pili, Kokushubira, alipewa mkono. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Ukimsalimu alikuitikia, ukimuuliza habari alikuonyesha kiti. Lakini akiweka vidole kwenye nyuzi, hata mtoto mwenye homa alinyamaza amsikilize.

Wa tatu, Ma Nyamwiza, alipewa sikio. Alikuwa na miaka themanini na ushei. Kuimba hakujua, padri alishamwomba kwa adabu awe anasali kimoyomoyo. Kupiga ala ndiyo kabisa. Lakini neno likishaingia sikioni mwa Ma Nyamwiza halitoki. Angeweza kukuambia siku ya harusi ya mama yako nani alikuja bila kualikwa, alikula nini, na alisema nini mlangoni wakati wa kuondoka. Watu walimpenda, na walimwogopa kidogo.

Aliyewaunganisha hawa watatu ni Ta Kaijage, yaani mzee Kaijage, mpiga enanga. Alikuwa baba yake Kokushubira, mwalimu wa Rwehumbiza na jirani wa Ma Nyamwiza, ua kwa ua. Enanga ni ala ya kulaza pajani. Gogo linachongwa mfano wa hori dogo, kisha kamba moja inapitishwa huku na huku mara nane, na hizo ndizo nyuzi zake. Kwa nyuzi hizo nane Ta Kaijage aliitunza Kashambya yote. Nani alimzaa nani, nani alifyeka shamba lipi kwanza, njaa ipi ilimhamisha nani, yote yalikuwa kifuani mwake. Ukitaka kumjua babu yako ulipika rubisi, pombe ya ndizi, ukamwalika.

Sasa kuna desturi mbili za kazi ile lazima mzijue, la sivyo mtapotea njiani.

Ya kwanza iliitwa kumpa mwenyeji kiti. Mwimbaji aliyeinywa pombe ya mtu hawezi kuimba wimbo mzima bila kumweka mzee wa nyumba hiyo mahali pazuri ndani yake. Akiimba vita kwako, babu yako atatokea ameshika mkuki. Kesho akiimba kwa jirani, babu yako anateremka na babu wa jirani anapanda. Ilikuwa adabu tu, na mwimbaji hakumwambia mtu kipi ni kiti na kipi ni kweli. Ndiyo maana Kashambya nzima kila mtu alikuwa mjukuu wa shujaa. Ukiwahesabu, vita ile ilikuwa na mashujaa wengi kuliko mikuki.

Desturi ya pili ni ya vidole. Kila nyumba ilikuwa na mpigo wake, nyuzi fulani kwa mfuatano fulani, na mwimbaji akitaja jina la mzee wa nyumba hiyo, vidole navyo hupiga mpigo wake. Wasikilizaji wengi walisikia utamu tu, basi.

Wimbo mkubwa kuliko zote ulikuwa wa Karumuna. Huyu ndiye aliyekwenda mbali kwa miguu wakati wa njaa, migomba yote ilipooza mizizi, akarudi na machipukizi mgongoni. Migomba yote ya Kashambya ni watoto wa mzigo ule. Alifika amechoka kufa, akapokewa kwenye mlango mmoja, akalishwa, na alipopata nguvu akachanjiana na mwenye nyumba. Walipasua tunda moja la buni, kila mmoja akapaka punje yake damu, wakabadilishana, wakameza. Na mnajua sheria ya punje hiyo. Waliochanjiana ni ndugu, watoto wao ni ndugu, wajukuu na vitukuu ni ndugu, na ndugu hawaoani.

Ta Kaijage alipokuwa anakata roho alisema maneno haya mbele ya watu: "Enanga yangu apewe yule atakayekuwa ameuhifadhi wimbo wa Karumuna. Msiharakishe. Siku ikifika mtamjua."

Wakamzika, wakamlilia, na enanga ikabaki kwa Kokushubira ikingoja. Rwehumbiza akipata mwaliko alikuwa akija kuiazima.

Miaka miwili ikapita. Ma Nyamwiza alikuwa na mjukuu, Kemilembe, mshonaji nguo, msichana mcheshi asiyekopesha jibu. Akapendana na Muganyizi, mtoto wa Ta Lwamugira, na Ta Lwamugira ni mjukuu wa Karumuna yule wa kwenye wimbo. Posa ikaletwa nyumbani kwa Ma Nyamwiza. Rubisi ikamiminwa, buni zikapitishwa kwenye kikapu kidogo, Rwehumbiza akaketi na enanga kuwaburudisha wageni. Angeimba nini mbele ya mjukuu wa Karumuna kama si Karumuna?

Akaimba hadi akafika hapa:

*Karumuna karudi, miguu imevimba,*
*mgongoni machipukizi, mdomoni vumbi.*
*Mlango uliofunguka ni wa Mulokozi,*
*punje za tunda moja wakagawana wawili.*

Ta Lwamugira akaiweka chini kata yake ya pombe. Mulokozi alikuwa baba mkwe wa Ma Nyamwiza. Kwa hiyo alikuwa babu wa baba yake Kemilembe.

"Rudia hapo, mwanangu," alisema Ta Lwamugira.

Rwehumbiza akarudia, na tena kwa madaha, akidhani amependeza.

"Nyumbani kwangu," alisema Ta Lwamugira, "Kaijage aliimba kwamba mlango ulikuwa wa mwenyeji. Mwenyeji, bila jina. Baba yangu alikufa mimi bado nanyonya, kwa hiyo sikuwa na wa kumuuliza. Tangu utoto najiuliza huyo mwenyeji ni nani. Leo nimejibiwa, na jibu limenivunjia posa. Hawa watoto ni ndugu."

Mnaona jambo lenyewe? Nyumba hizi mbili hazikuwahi kukaa pamoja kuusikiliza wimbo huu hata siku moja. Kila moja ilisikia toleo lake, ikaridhika nalo, ikalala.

Kemilembe akatoka chumbani bila kuitwa. "Ta Lwamugira, kwa heshima zote, mimi sikumeza punje yoyote."

"Ilimezwa kwa niaba yako, binti yangu," alijibu mzee, na macho yake yalikuwa yamelowa, maana msichana alikuwa amempenda. Wakabeba vikapu vyao wakaondoka. Muganyizi alitembea nyuma ya wote akiwa ameinamisha kichwa. Ma Nyamwiza alibaki ameketi, ametazama mlango, na hakusema neno, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Ta Lwamugira hakuwa mtu mbaya. Alisema atangoja siku tatu, na siku ya tatu, saa nne asubuhi, yeyote mwenye neno aje alisemee uani kwake. Kama hakuna neno, posa imekwisha na Muganyizi atatafutiwa kwingine. Siku hizo tatu Kemilembe alishona gauni moja akalifumua, akalishona tena, akalifumua.

Siku ya tatu ua ulijaa. Wa kwanza kusimama ni Rwehumbiza.

"Mimi ndiye niliyeuleta moto huu," alisema, "kwa hiyo nianze mimi. Mwalimu wangu alinikataza kufichua viti. Leo nafichua kimoja. Aliniambia hivi: ukiimba kwa Ma Nyamwiza, mlango ni wa Mulokozi. Ukiimba kwingine kokote, mlango ni wa mwenyeji. Jina linalosemwa nyumba moja tu, jamani, ni kiti."

Watu wakaguna. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Na babu yangu mwenye mkuki je?" Mwingine naye, "Na wangu aliyeogelea mto?" Rwehumbiza akanyamaza, na kila mtu akaelewa kunyamaza kule. Siku ile alipoteza mialiko yote ya mavuno, naye alijua ataipoteza kabla hajafungua kinywa. Nawaambieni, kwa mtu anayependa kusikilizwa, hilo ni jambo zito.

Lakini Ta Lwamugira akatikisa kichwa. "Huenda ni kiti. Huenda pia ndiyo kweli, na kwingine Kaijage aliificha ili watu wasiwaonee wivu. Mwenyeji bila jina anaweza kuwa yeyote, hata Mulokozi. Siwezi kuwaoza watoto kwa huenda."

Ndipo Kokushubira akainuka na enanga. Hakujieleza. Aliketi mkekani, akailaza pajani, akamwambia Rwehumbiza neno moja: "Imba."

Rwehumbiza akaimba. Alipofika kwenye mlango wa Mulokozi, Kokushubira akamwinulia mkono anyamaze, akapiga vidole peke yake. Akarudia mara ya pili.

"Huu ndio mpigo wa hapo," alisema. "Baba aliupiga hivi kila nyumba, jina awe amelitaja au amelificha. Na mpigo wa nyumba ya Mulokozi ni huu." Akaupiga. Hata asiye na sikio alisikia kwamba ni miwili tofauti. "Nikiwa mdogo nilidhani baba anakosea hapo. Nilimwambia. Akacheka, akaniambia nipige kama yeye."

"Basi ule wa kwanza ni wa nyumba gani?" aliuliza Ta Lwamugira.

Kokushubira akaondoa vidole kwenye nyuzi. "Ni wa kwetu. Ni wa Bitegeko, babu yake baba."

Hayo maneno yalimgharimu. Mbele ya kijiji kizima alikuwa amesema kwamba kinywa cha baba yake, ambacho watu walikiapia, kilitamka jambo ambalo vidole vyake vilikana. Na wapo walionong'ona kwamba binti wa mwimbaji anajitafutia sifa za Karumuna.

Ta Lwamugira akashika ndevu. "Kinywa kinasema hivi, vidole vinasema vile, na vyote viwili ni vya mtu mmoja, naye amekufa. Nimwamini Kaijage yupi?"

Hapo kila mtu akageuka kumtazama Ma Nyamwiza. Alikuwa ameketi karibu na mlango wa jiko, fimbo kati ya magoti. Kama angesimama kwanza, nani angemsadiki? Bibi ana mjukuu wa kuoza, atasema lolote. Sasa walikuwa wanamngoja.

"Mnanitazama nini," alisema, "kana kwamba ni mimi niliyemeza hiyo punje." Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Nilikuwa na miaka minne ya ndoa. Ilikuwa alasiri, siku ya kumpa jina mwanangu wa pili, mvua imenyesha, imekatika. Kaijage alikuwa kijana bado. Aliimba Karumuna jinsi alivyofundishwa na baba yake. Siku hiyo mlango wa Mulokozi ulikuwemo kwenye wimbo, ndiyo. Uliimbwa hivi."

Sauti yake ilikuwa mbovu vilevile, lakini hakuna aliyethubutu kutabasamu:

*Akabisha kwa Mulokozi, Mulokozi akafunga.*
*Akabisha kwa Bitegeko, Bitegeko akafungua.*

"Mume wangu Byabato alikuwa mwenyeji. Wageni wamejaa, mtoto yuko mapajani mwake, na ndiyo mara yake ya kwanza kuusikia wimbo wote, maana nyumbani kwao baba yake hakuwahi kumwalika mwimbaji. Sasa mnajua kwa nini. Byabato alilia. Mwanamume mzima, mbele ya watu, machozi yakamdondokea mtoto. Kaijage akamwona. Hakuacha kupiga. Akaurudia ubeti ule kana kwamba ndivyo ulivyo, na akaimba: mlango uliofunguka ni wa Mulokozi. Alimpa mume wangu mlango wa Bitegeko, babu yake mwenyewe. Akakinywa kibuyu chake cha rubisi, akaenda zake. Kuanzia siku hiyo jina la Bitegeko hakulitaja tena popote, asije akamwumbua rafiki yake."

Akaegemea fimbo yake. "Byabato aliniomba nisiseme. Nimekaa nalo miaka hamsini na sita, na wengine wote waliokuwepo wameshazikwa. Nilimpenda yule mtu, na baba mkwe wangu alikuwa mwoga wa njaa kama watu wengi walivyokuwa. Leo nimemfungulia mlango Kemilembe na nimemfungia mume wangu. Mungu atanisamehe, au Byabato mwenyewe nitamkuta huko anikasirikie. Haya, nimesema."

Mjue kwamba heshima pekee ya nyumba ya Mulokozi ilikuwa mstari ule, na Ma Nyamwiza mwenyewe ndiye aliyeufuta.

Kinywa, mkono na sikio vikawa vimekutana mahali pamoja, na hapakuwa tena na huenda. Ta Lwamugira akasimama, akaenda hadi alipoketi Kokushubira, ambaye hakuwa na kaka wala dada, aliyekuwa akila peke yake tangu baba yake afe.

"Kumbe ni wewe," alimwambia. "Miaka yote hii namtafuta mwenyeji, kumbe dada yangu anaishi bonde la pili." Akamtolea buni, na Kokushubira akaipokea. Alitafuna huku analia.

Kemilembe akamwacha alie kiasi, kisha akauliza, "Sasa Ta Lwamugira, utamwoza mwanao kwenye nyumba iliyomfungia babu yako mlango?"

Mzee akamtazama, akaanza kucheka. "Wewe ulitoka chumbani bila kuitwa. Nyumba yenu sasa haijui tena kufunga."

Harusi ikafungwa baada ya mavuno ya kahawa. Na kwenye karamu, watu walipokwisha kushiba, wakaukumbuka wosia. Enanga ya Ta Kaijage ikaletwa, ikawekwa mikononi mwa bi harusi. Walisema wimbo umemwokoa yeye, basi yeye ndiye amkabidhi aliyeuhifadhi.

Rwehumbiza akasema, "Bila mimi pasingekuwa na wimbo wa kubishania. Nimeibeba mistari yote, ya kweli na ya kiti, sikuangusha hata mmoja. Wimbo usioimbwa umekufa, na mimi ndiye ninayeimba."

Kokushubira akasema, "Nilihifadhi nisichokielewa, na sikukisahihisha." Kisha akaongeza, "Hizi nyuzi nilizifunga mimi."

Ma Nyamwiza akasema, "Enanga mimi nitaifanyia nini, nianikie dagaa? Lakini mmesahau jambo moja. Kaijage alisema aliyeuhifadhi. Hakusema anayeuimba, wala anayeupiga. Huyu bwana alihifadhi alichopewa, na alichopewa kilikuwa na uongo ndani. Huyu binti alihifadhi kweli bila kuijua. Mimi niliijua. Na mkinipa mimi, hakuna mwimbaji atakayethubutu kusema uongo kwenye ala iliyotundikwa ukutani kwangu."

"Wala kusema kwa huruma," alijibu Rwehumbiza polepole. "Maana mwalimu alibadilisha mstari kwa huruma, Ma. Ungekuwa wewe umeishika enanga siku ile, mumeo angelia hadi jioni."

Ma Nyamwiza akaigeuza fimbo yake, akamtazama bi harusi.

Basi hapo ndipo nilipowaleta. Mume wangu humpa Rwehumbiza, kwa kuwa naye anapenda kusikilizwa. Mama yangu alimpa Kokushubira, akisema atakayeipata enanga ndiye atakayeamua kama kesho Mulokozi atafunga mlango au ataufungua, na ni mkono tu unaoweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, ukishika kweli huku kinywa kikihurumia. Binti yangu mdogo humpa Ma Nyamwiza kisha anacheka, hataki kusema kwa nini. Mimi siwaambii wa kwangu.

Kemilembe amesimama katikati ya karamu, shela limemteleza, enanga iko mikononi mwake. Watatu wameketi mbele yake, na wote watatu anawapenda. Gogo lile ni zito na mikono imeanza kumchoka. Amegeuka anakutazama wewe, wewe uliyekaa hapo na buni shavuni. Mwambie, ampe nani?